Waomba Hifadhi wa Kijiwe cha Matrida

Redio ilikuwa haijamaliza kusema "darasa la bure la Kiingereza kwa waomba hifadhi, hapahapa Musoma mjini" mteja mmoja, Kwangu, alipoizima ili asikike yeye.

"Mmesikia? Kiingereza cha bure, halafu kwa wageni! Sisi wenyeji tubaki na gudi moningi ya darasa la tatu mpaka tuzikwe nayo!"

"Washa redio yangu," alisema Matrida, mwenye kijiwe, huku akimimina kahawa.

"Si ulisemaga Kiingereza chako kimejaa mpaka kinamwagika?" aliuliza Onesmo. Walimwita Feri kwa sababu anatoka Kisorya, kwenye kivuko, na hakuna mahali amewahi kufika kwa wakati. "Ndiyo maana tukakupa jina la Mkoloni."

"Kimejaa. Nataka kuongezea kidogo juu."

Chrispin, fundi baiskeli, hakucheka. Yeye walimwita Kipaza, kwa sababu akikunong'oneza jambo hapo kijiweni Mwigobero, wanaopakua dagaa kule mwaloni, ufukweni, wanakujibu. Lakini asubuhi hiyo alikuwa kimya, anaitazama cherehani iliyokaa peke yake pembeni ya spoku zake.

Cherehani ilikuwa ya Florian, Mkongo aliyekimbia vita. Alikuwa na kibali cha kukaa mjini wakati ombi lake la hifadhi linasubiri majibu. Binti yake, Diana, alitangulia na shangazi yake nchi ya mbali, ya baridi, akiwa mdogo kabisa. Sasa ni msichana wa shule, na Kiswahili chote kimemtoka. Limebaki neno moja tu: baba. Shangazi akiwa kazini, simu inakuwa ni ya watu wawili wanaopendana wasioelewana.

Jumapili iliyopita Kwangu alijitolea kutafsiri. Mtoto akaongea, akacheka.

"Anasema huko ng'ombe wanavaa makoti," Kwangu akatafsiri.

Mtoto akaongea tena, kwa muda mrefu.

"Makoti yenyewe ni ya sufu."

Halafu mtoto akaanza kulia.

"Anafurahi," alisema Kwangu.

Florian alikata simu, akakaa kwenye cherehani na kushona suruali ya mteja miguu yote miwili pamoja. Chrispin aliiona ile suruali. Alitamani kusema kitu, akakosa sauti, yeye Kipaza.

Sasa Florian akatokea, akitoka kujiandikisha kwenye darasa hilo la redioni, kofia mkononi.

"Wamekukataa?" Chrispin aliuliza, na bata wa jirani wakaruka kwa sauti yake.

"Hapana. Nimekubaliwa. Shida ni kwamba niko peke yangu. Darasa halifunguliwi kwa mtu mmoja. Mwalimu anasema wasipopatikana wengine, anabeba ubao wake anarudi Bunda."

"Musoma nzima mwomba hifadhi ni wewe tu?"

"Waliojitokeza, ni mimi tu."

Chrispin akaweka bisibisi chini. "Mwambie mwalimu aje hapa kesho. Waomba hifadhi wapo. Wamejaa."

Mwalimu Yunis alikuja, mama wa makamo mwenye miwani, akakuta wamepangwa kwenye benchi. Onesmo alikuwa amejifunga shuka kichwani. Kwangu alivaa koti lililochanika ambalo, kwa kweli, ndilo analovaaga siku zote.

"Karibu, mwalimu," alisema Chrispin. "Hawa wote wamekimbia."

Mwalimu akamgeukia Onesmo. "Umekimbia kutoka wapi?"

"Kisorya."

"Kisorya ni wilaya ya Bunda. Mimi mwenyewe natoka Bunda."

"Basi unajua mateso ya huko! Nilipanda feri nikakimbilia Ukerewe, nikaona bado wananiona, nikarudi."

"Nani wanakuona?"

"Kwaya. Wananilazimisha niimbe sauti ya nne, na mimi ni wa sauti ya tatu tangu kipaimara."

"Mateso ya kidini hayo," alinong'ona Chrispin, na mtu ng'ambo ya barabara akaitikia, "Poleni!"

"Na wewe baba?"

"Mimi nimetoka Buswahili," alisema Kwangu kwa uchungu. "Kuna mtu kule anaitwa Jenipher."

"Ni mwanajeshi?"

"Ni mke wangu. Anataka tulime."

"Shamba la nani?"

"Langu."

"Ukirudi, maisha yako yatakuwa hatarini?"

"Mwalimu, magugu yamenipita kichwa. Nikiingia mle sitoki."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama Chrispin.

"Mimi walinifukuza Mugango," alisema Chrispin. "Wavuvi walikaa kikao. Walisema nikiongea, sato wanahama ziwani."

"Hiyo naiamini."

Matrida akalibamiza birika mezani. "Basi! Mwalimu, hawa ni waongo. Wengine walizaliwa nikiwaona. Huyo wa shuka, shuka lenyewe ni langu la kufunika vikombe. Wanajifanya hivi ili huyu Florian asome, kwa sababu mtoto wake analia kwenye simu na hapa hakuna anayejua analia nini. Huyo Mkoloni anamtafsiria mambo ya ng'ombe."

Kwangu akainamisha kichwa. "Nilisikia kama ng'ombe, jamani."

Florian aliangalia chini. Hakujua kwamba walikuwa wanafanya hivyo kwa sababu ya machozi ya mtoto wake. Alidhani ni mchezo wa kawaida wa kijiweni.

Mwalimu Yunis aliumauma midomo, halafu akaangua kicheko mpaka akaegemea meza.

"Nani aliwaambia muwe wakimbizi? Utaratibu unaruhusu wenyeji wakae darasa moja na wageni. Mngeniambia tu mnataka kusoma."

Onesmo akaanza kulifungua shuka kichwani.

"Yaani," Kwangu akasema taratibu, "nimemchafua Jenipher bure?"

Darasa likafunguliwa chini ya bati la kijiwe, ubao umeegemezwa kwenye gunia la mkaa. Mwalimu alianza na salamu, lakini Florian akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Salamu, mtoto atanisamehe. Nifundishe kuuliza, umekula nini leo."

Mwalimu hakubisha. Akafuta salamu zote.

"Wati didi yu iti tudei!" wakaimba. Chrispin aliimba kwa nguvu zake zote, mpaka muuza nyanya ambaye hajawahi kuingia darasani akajibu kutoka sokoni, "Ugali!"

Wakafundishwa majibu pia: wali, nyama, samaki, mkate, maziwa. Onesmo alichelewa, akakuta nyama imeshapita, akabaki na samaki.

Jumapili simu ikaita. Florian akaiweka juu ya meza ya cherehani, sauti wazi. Hata Matrida aliacha kahawa ichemke.

"Baba?" ilisema simu.

Florian akalamba midomo. Chrispin alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili ili asimsaidie.

"Wati... didi... yu iti tudei?"

Halafu mtoto akapiga kelele ya furaha, akamwaga Kiingereza kama aliyefunguliwa bomba, haraka haraka, na Florian akainama juu ya simu, macho ameyafumba, mkono umeinuliwa kama anayengoja mpira wa kona. Ghafla akaruka.

"Bredi! Nimesikia bredi! Amekula mkate! Mwanangu amekula mkate!"

Benchi likaanguka. Onesmo alimkumbatia Kwangu, Matrida alipiga vigelegele. Chrispin aliachia sauti yote aliyokuwa ameibana, na kule mbali, ndani ya simu, mtoto akasikika anacheka.

Florian alikuwa anacheka na machozi yanashuka. Kwangu peke yake ndiye aliyekuwa ameanza kukunja uso.

"Ngoja kwanza, mura. Mkate na nini?"

"Mkate tu."

"Mtupu? Hata dagaa hakuna?" Kwangu akatikisa kichwa, akalitazama ziwa, akamtazama Mwalimu Yunis. "Mwalimu, andika. Huyo mtoto yuko kwenye mateso. Aje Musoma aombe hifadhi."