Virusi 147 vya Kisondela

Jumatatu, 3 Machi 2025

Programu imekamilika. Nimeitengeneza mwenyewe, mtu wa kidato cha pili, bila cheti cha mtu. Nachomeka flashi, king'ora kinalia, skrini inakuwa nyekundu: VIRUSI 147. Mteja akilipa elfu thelathini, inakuwa kijani. Inatafuta nini? Haitafuti. Kutafuta kunapoteza muda wa mteja.

Hellen, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, anawaambia watu kompyuta huja na ulinzi wake wa bure. Mtu wa hivyo hataendelea Tukuyu.

Kesho Kisondela, chama cha wakulima wa parachichi. Kompyuta sita, laki na themanini. Ndiyo kodi ya fremu yangu ya duka, na mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Jumanne, 4 Machi

Bodaboda, mvua, tope mpaka magotini. Nikaanza na kompyuta ya katibu, Atupokile. King'ora, nyekundu. Atupokile akashika kifua. Mwenyekiti, Mzee Ambindwile, hakushtuka, kompyuta hazijui. Hapo ndipo kipaji kinapoonekana. Nikamwambia hii ni sawa na mnyauko wa migomba: unaingia na panga moja la kuazima, unamaliza shamba zima.

Akavua kofia. Akauliza flashi yangu imeshapita kwenye kompyuta ngapi. Nikasema kwa fahari, mia mbili na kumi. Akasema ndaga fijo, asante sana, mwanangu, umetuokoa, rudi Alhamisi.

Rungwe nzima, muuzaji gani amewahi kuvuliwa kofia?

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda na kitabu cha risiti. Getini kuna beseni la Jiki. Nikaoshwa viatu. Flashi nayo ikatumbukizwa kabla sijafungua mdomo.

Mzee akanieleza kwa upole kwamba mnyauko hauna dawa, mkulima yeyote anajua. Unang'oa, unafukia, unaosha panga. Kompyuta ya Atupokile wameitia kwenye mfuko wa mbolea, iko futi nne chini, majivu juu. Nikasema, Mzee, hii dawa ipo, elfu thelathini tu. Watu wakatazamana. Mama mmoja akasema hata yule tapeli aliyewauzia dawa ya migomba alianza hivyohivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Chama kimemwita Hellen. Ameifukua, ameipangusa, imewaka. Kirusi hata kimoja hakuna. Wamempa kazi ya zote sita.

Kisha akaja dukani kwangu, wateja wanne wakiwepo, na flashi mpya. Akachana pakiti mbele yao. Akasema, kaka Lutufyo, nipimie na hii.

147.

Wateja wakatoka. Mmoja alijifuta mikono kwenye suruali. Lakini ukweli usemwe: programu yangu haijawahi kutoa jibu tofauti hata siku moja. Za Ulaya ngapi zinaweza hivyo?

Jumapili, 9 Machi

Kanisani wametangaza duka langu lisikanyagwe mpaka lipone. Nimetumia muda huo kutafakari. Kosa nimeliona: nilichagua ugonjwa usio na dawa. Kideri cha kuku kina chanjo, tena kila miezi mitatu. Mara nne kwa mwaka, elfu kumi na tano kila mara, elfu sitini. Mara mbili ya bei ya zamani. Namba nayo nimebadilisha, sasa ni 148.

Naanzia Suma, huko hawajasikia. Mke wangu Happyness ameuliza kama nakumbuka kuku akionekana ana kideri, watu wa huku humfanyaje. Akasema kwao humchinja siku hiyohiyo.

Nimemwambia asiniletee uchuro. Bango la chanjo liko kwenye printa.