Poda Chini ya Msumari

Jumatatu, 4 Machi
Hakuna kiumbe chini ya jua anayeng'arisha sakafu kama mimi. Wafalme wangekuwa na akili wangenigombania. Leo ukumbi wa nne hapa makumbusho umetoka kioo kitupu: ukiinama unahesabu meno yako. Siku nzuri kabisa! Ila saa tano asubuhi mtu kaiba picha ukumbi wa pili.

Ni ile ndogo, kama sinia la chai, ya mama anayetia uzi kwenye sindano. Mjomba ndiye mlinzi wake. Miaka kumi na tisa kiti kimoja, na kila asubuhi anamwamkia: shikamoo mama, uzi bado haujaingia tu? Sasa umebaki msumari. Mjomba kamwambia mpelelezi alikwenda chooni. Dakika kumi! Mpelelezi akauliza alikuwa anakitumia au anakijenga. Watu wakacheka. Mimi nilicheka kidogo.

Jumanne, 5 Machi
Mkurugenzi katangaza: mwizi asipojulikana hadi Ijumaa, mjomba avue kofia aende zake. Amebakiza mwaka mmoja astaafu! Mama analia jikoni, anasema kaka yake hajawahi kuokota hata pini ya mtu. Nimemwambia atulie, kesi iko mikononi mwangu. Akazidi kulia.

Jumatano, 6 Machi
Nimehoji watu. Dada wa tiketi kaniita mpelelezi wa ndoo, akauliza kama na fagio limeshaandika maelezo. Wivu tu. Nikamshuku fundi wa taa, maana anapiga mluzi kupita kiasi. Nikamfuata kimyakimya hadi stoo. Akanibebesha ngazi.

Alhamisi, 7 Machi
Mpango! Mwizi lazima arudi alikoiba. Kinyozi wangu kaniapia, na yeye anajua mengi. Nimechukua poda ya mtoto wa dada yangu. Jioni, wageni walipokwisha kutoka, nikainyunyiza chini ya ule msumari. Nyembamba, haionekani. Mkono wa fundi huo. Atakayekanyaga kaacha sahihi.

Ijumaa, 8 Machi
Nyayo! Sikungoja hata kuzitazama vizuri. Nikamwita mkurugenzi, nikamwita mpelelezi, nikamwita na dada wa tiketi aje ajifunze. Nikasafisha koo. Nikasema waheshimiwa, mwizi wenu huyu hapa.

Kiatu kipana. Kisigino kimelika upande wa kushoto. Mpelelezi akachuchumaa, akapima kwa kidole, kisha akageuka taratibu kutazama miguu ya mjomba. Wote tukaitazama. Poda mpaka kwenye kamba.

Alikuwa amekuja kumuaga yule mama wa sindano. Jana, baada ya kufunga milango, alisimama mbele ya msumari akamtakia usiku mwema kama kawaida yake. Ndivyo alivyoeleza, kwa sauti ndogo. Mpelelezi akauliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayeaga ukuta. Dada wa tiketi hakunitania. Afadhali angenitania.

Mkurugenzi akanyoosha mkono. Mjomba akampa kofia. Filimbi yake ya ulinzi akaipangusa kwanza kwa shati, ndipo akaitoa. Alipofika mlangoni akanigeukia, akaniambia mpwa wangu, usisahau kufuta ile poda, watu watateleza.

Jumapili, 10 Machi
Picha haijaonekana. Mwizi hajulikani. Mjomba anashinda kwetu, kakaa kiti cha jikoni, mgongo wima, anatazama ukuta usio na kitu. Mama hanisemeshi.

Lakini mimi si wa kukata tamaa! Nina mpango mpya. Safari hii unga badala ya poda, tena mlangoni kwa mkurugenzi. Haushindikani huu.

Liko jambo moja tu sikuliandika Jumatatu. Mjomba hakwenda chooni. Ni mimi niliyemwita ukumbi wa nne aje aone sakafu. Alisema hawezi kuacha kiti. Nikamng'ang'ania, nikamvuta mkono, nikamwambia apige magoti ahesabu meno. Akapiga magoti, na magoti yenyewe yale mabovu. Akahesabu hadi ishirini na sita, akasema kweli mpwa wangu ni fundi. Kazi hii nimeipata kwa jina lake, na bado niko kwenye majaribio. Kosa moja tu, nje.

Kwa hiyo akasema choo. Na mimi nilikuwa nimesimama palepale na ndoo yangu, nikacheka na wenzangu.