Picha Zilizochovywa Kahawa

Jumatatu, 1 Februari 1988
Wazee wote wameihama saluni yangu, wamehamia kwa kinyozi mwenzangu Peguero! Ananyoa kama anapalilia miwa, lakini saluni yake ina picha tano za besiboli za zamani, ndani ya fremu. Wazee wanakaa chini ya picha hizo kutwa, wanabishana. Hata mzee Tancredo, wa mwisho aliye hai kati ya waliocheza na marehemu baba kwenye timu ya kiwanda cha sukari. Nina hamu naye. Nikisikia sauti yake narudi utotoni: yeye na baba, redio, harufu ya miwa inayoungua.
Ninayo picha moja tu ya kweli. Fainali ya 1951: baba kalala kifudifudi, mpira unampita. Aibu ya ukoo. Haitundikwi ng'o!

Jumatano, 3 Februari
Akili ni nywele! Shemeji Nelo kavaa jezi ya baba, nikampiga picha nne. Kitambi kikagoma. Nikamwambia avute pumzi. Kasema, "Shemeji, nikivuta tena nazimia."

Ijumaa, 5 Februari
Picha zimetoka studio, mpya mno. Nimezichovya kwenye kahawa aliyoibakiza mke wangu, Mireya. Zimezeeka miaka arobaini kwa dakika kumi! Mireya akauliza kama nimeionja kwanza. Maswali gani haya?
Kadibodi ya kuziba nyuma ya fremu ya nne imeisha. Nimeweka ile picha ya baba, nikaigeuza.

Jumapili, 7 Februari
Picha nimezitundika, na mzee Tancredo kaja! Wenzake wakamfuata. Akasogeza miwani, akauliza huyu mchezaji ni nani mwenye kitambi cha diwani. Nikasema wa akiba. Akauliza mbona sharubu zake zinatembea.
Sisimizi! Mireya, kama kila mama wa hapa San Pedro, huchemsha kahawa na sukari yake humo humo. Msafara mzima, kutoka dirishani hadi puani kwa Nelo.
Wazee wakacheka hadi wakakohoa. Mzee Tancredo akashusha fremu ya nne awakung'ute. Picha ya baba ikaanguka. Nilitamani ardhi inimeze.
Akaiokota. Akaitazama, akafuta miwani, akaitazama tena. "Eliseo, kumbe baba yako umemficha huku?" Kisha akasema mpira ule ulikuwa wake yeye kuudaka. Jua lilimwingia machoni, akaganda. Baba alitoka mbio upande wa pili, akajirusha amwokoe. Mji mzima ukamlaumu baba, naye hakufungua kinywa hadi anakufa.
Nimelia mbele ya wateja. Wamekaa hadi jioni wakimzungumzia baba. Mzee Tancredo kaitundika kwa mkono wake, kasema hiyo moja yatosha ukuta mzima.

Jumatatu, 8 Februari
Sasa nimeelewa: wazee wanapenda picha za walioanguka! Nimemwita Nelo. Atalala kifudifudi mara sita, kwa pembe tofauti.
Kahawa siigusi tena, nimekoma. Nitatumia molasi ya kiwandani, ule urojo mweusi wa miwa. Rangi yake inapendeza zaidi.