Kesi ya Jogoo Isimame Kwanza

Kwa Mheshimiwa Hakimu,
Mahakama yetu ya Mwanzo,
Morogoro.

Shikamoo Mheshimiwa. Mimi ni Hafidhi, yule muuza kuku wa Mwembesongo niliyeshtakiwa na Bi Mwanvita kwamba jogoo niliyemuuzia siyo wa kienyeji. Naomba kesi yetu isimame kidogo. Mwenzangu Athanas, anayeuza kuku Mikese, alishindwa kesi kama hii hii na amekata rufaa Mahakama ya Wilaya. Wakubwa huko wakishasema "kienyeji" maana yake nini, na sisi tutajua. Sasa wewe ukihukumu hivi halafu wao waseme vile, aibu ya nani? Mimi nakuonea huruma wewe.

Sababu zangu ni hizi:

1. Yule jogoo alitotolewa hapa hapa Mwembesongo, kwenye mashine, uani kwangu. Hajawahi hata kupanda bajaji. Mimi nimezaliwa Mikese, nimehamia ukubwani, na watu wananiita mwenyeji. Yeye wa kuzaliwa hapa tumwite nani, mtalii?

2. Bi Mwanvita amejiandika kwenye madai kuwa yeye ni "mlaji". Siyo kweli. Jogoo aliliwa na wakwe zake waliokuja kujitambulisha, yeye aliambulia shingo. Walaji ni wale, na wale hawajashtaki.

3. Ushahidi wake ni kwamba nyama iliiva wageni hawajamaliza kuvua viatu. Yaani mtu anashtakiwa kwa kumpunguzia mwenzake mkaa?

4. Anasema wakwe wameona wamedharauliwa, kwa hiyo niende nikawaambie kosa ni la jogoo wangu, halafu nishushe kibao changu cha KUKU WA KIENYEJI. Kwenda nitakwenda, mie napenda wageni. Lakini kibao, Mheshimiwa! Kibao ndicho kinanilisha mimi na mke wangu Rehema. Bila kibao mimi ni mtu tu aliyekaa na kuku. Tayari vijana wa bodaboda wakipita wanapiga kelele, "Oya Hafidhi, leo umeleta wenyeji au wageni waalikwa?" Nacheka nao. Hawanunui.

5. Ukisema kienyeji ni lazima awe amejitafutia mwenyewe, hajachanjwa, halazwi na taa, basi hapa mjini mwenyeji hayupo. Sote tumechanjwa. Mwenyekiti wa mtaa tutamtoa wapi?

Kwa hiyo tumsubiri Athanas. Rufaa hata ikichukua miaka mimi sina haraka, nitavumilia huku naendelea kuuza.

Nisalimie karani, mlinzi wa getini, na Bi Mwanvita ukimwona kabla yangu. Wale wakwe waambie karibuni tena.

Ni mimi mdaiwa mwenye adabu zake,
Hafidhi wa Kuku.

N.B. Nilitaka kusahau. Mama wa nyumbani kwako jana kapita kibandani, kaagiza majogoo wawili wa kienyeji maana mama yako mzazi anakuja. Mwambie asichukue hawa wa hapa. Asubiri, nampigia Fransisko, mfugaji ninayemjua, ateremshe wawili kutoka mlimani, wa kienyeji kwelikweli. Hawa wangu mama yako akitia jino tu atajua.