Namna ya Kumushusha Bihogo

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 2 mwezi wa saba 1956

Leo Mukamugema ametupita tena. Tena! Kwenye mulima wa Kibumba, mbele ya watu wote wa barabara. Tunatoa viazi kule juu, wote wawili, tunauza soko moja la Goma, na kila siku yeye anafika wa kwanza na motokari yake ya kukodi. Leo alinipungia kitambaa dirishani. Kitambaa changu! Nilimuazima siku ya matanga ya bwana yake, mpaka leo hajarudisha.

Sababu ni shofa wetu, Rachidi. Mutu wa Maniema, mukubwa, mikono kama majembe, na anashuka mulima kama bibi-arusi anayeingia kanisani. Tukifika juu, anasimama kwanza. Anaweka vitesi ya pili, ile gia ya mwendo mudogo. Moteri inaanza kulia, mmmm, mmmm, mpaka chini. Viazi vyangu vinazeeka njiani.

Motokari ni yangu. Mwanangu Habarurema anasema ni yake, kwa sababu jina lake liko kwenye karatasi. Karatasi! Zilizoinunua ni ng'ombe za marehemu baba yake, na aliyezikamua ni mimi. Ndiyo maana nimeiita Bihogo, jina la ng'ombe wetu mwekundu.

Jioni Habarurema amenionya. Mama, ukiigusa tena ikaharibika, ninamuuzia Mukamugema, ananiomba kila siku. Yote kwa sababu ya mambo ya mwezi uliopita, nilipokata uzi mumoja, mumoja tu, chini ya moteri, nifungie mbuzi miguu. Mbuzi alifika salama. Hilo hakuna anayelisema.

Ninaandika kwa sababu kalamu hainijibu.

Siku ya pili, tarehe 3

Nimepata akili. Maji yakishuka mulima hayanywi esansi, yale mafuta ya motokari. Jiwe halinywi. Kwa nini Bihogo anywe? Ukitoa vitesi, moteri inanyamaza, motokari inashuka bure, na Mukamugema anabaki kwenye vumbi yetu. Sikusoma sana, lakini akili haiuzwi shuleni.

Nimemwambia Rachidi. Amecheka! Akasema: Mama Habarurema, vitesi ya kupandia ndiyo ya kushukia. Moteri ikilia hivyo, inatushika mugongoni tusianguke. Ukiinyamazisha, kazi yote inabaki kwa freni, zile ngozi za ndani ya gurudumu zinazobana chuma. Zikibana mulima muzima zinapata moto, na zikipata moto hazishiki tena. Eti ndiyo maana yeye anagusa freni kwa nguvu, mara moja, halafu anaziachia zipoe.

Nikamwambia mimi nimeshusha ng'ombe kwenye milima hii yeye hajazaliwa. Ng'ombe ukimuachilia akimbie kwenye muteremuko, anavunjika. Unatangulia mbele na fimbo, polepole, unamuzuia. Akasema: basi, Mama, si umejua mwenyewe? Nikamwambia ile ni ng'ombe, hii ni chuma. Mutu huyu hawezi kutofautisha vitu.

Siku ya ine, tarehe 5

Nimeshinda! Halafu nikashindwa kidogo.

Juu ya mulima Rachidi akasimama, kama kawaida yake. Mbele yetu, vumbi ya Mukamugema. Nikasema polepole, kama mutu anayesali, kwamba nimesikia wanaume wa Maniema ni wakali sana mahali pa tambarare. Nikasema pengine tutafute mwanamuke wa kuendesha. Akaivuta ile fimbo ya vitesi, akaitoa!

Ee Mungu, raha! Kimya. Upepo tu. Tukamupita Mukamugema, mudomo wazi kama chungu. Nikamupungia mikono miwili.

Halafu harufu. Kama mutu anachoma kwato. Moshi ukatoka kwenye magurudumu. Rachidi akakanyaga freni, muguu ukazama kama kwenye bugali bulaini. Akakanyaga tena. Bihogo hakusikia. Rachidi akaanza kuita majina ya Mungu, na yeye anajua mengi kuliko mimi. Kilichotuokoa ni pale barabara inapolala sawa, karibu na mawe meusi ya volkano. Tukapungua mwendo, tukapungua, tukasimama.

Mutu akiungua, unamumwagia kitu baridi. Nikashusha kopo la maziwa, nikalimimina lote kwenye gurudumu. Fyaaa! Rachidi akashika kichwa. Akapiga kelele kwamba chuma cha moto kikimwagiwa baridi kinapasuka, kwamba freni zinaachwa zipoe zenyewe, unaweka jiwe nyuma ya gurudumu na unakaa mbali. Tukakaa mbali. Mukamugema akapita polepole, akatuangalia, moshi, maziwa, akauliza kama chai imeiva.

Rachidi hatamwambia Habarurema. Anaona haya, kwa sababu alinisikiliza. Vizuri. Haya ya mutu mwingine ni akiba.

Siku ya tano, tarehe 6

Bihogo analia sasa. Kila akisimama, kwiii! Ni wazi anaumia. Hapa nyumbani Keshero, Rachidi ametoa magurudumu, akafungua vile vyungu vya chuma, akasugua ngozi za ndani kwa musasa. Akasema chuma hakikupasuka, tushukuru Mungu, atafunga akirudi. Akanawa, akaenda musikitini, kwenye sala yao kubwa ya siku ya tano.

Nikabaki mimi na mugonjwa. Nikachungulia. Ngozi kavu! Nyeusi, imeungua, haina hata tone la mafuta. Na wanaume wanashangaa inalia! Kwetu, mugongo wa mutoto, chuchu ya ng'ombe, mulango unaolia, dawa ni moja: siagi. Nimeleta ile ya mwaka jana, yenye nguvu. Nimepaka zote kwa kidole mpaka zikang'aa. Nikarudisha vyungu juu yake, nikafuta mikono kwenye majani.

Rachidi amerudi, amefunga magurudumu bila kuangalia ndani. Akasema kuna harufu. Nikamwambia ni mbuzi wa jirani. Akaisogeza motokari kidogo uani. Hakuna kwiii. Kimya! Akajisifu kwamba musasa umefanya kazi. Nimemuachia sifa hiyo. Sina choyo.

Siku ya posho, ya sita ya juma, tarehe 7

Pua imevimba, sioni mustari vizuri. Herufi zivumilie.

Kupanda, hakuna neno. Tukajaza viazi. Juu ya mulima Rachidi akasimama, akaweka vitesi ya pili, akaapa kwamba hata nikimutukania ukoo wake wote hataitoa. Moteri ikaanza kulia. Nikasema moyoni: lia tu, kesho nitakutibu na wewe.

Kona ya kwanza, akagusa freni. Hakuna kitu. Akakanyaga kwa miguu yote miwili. Ngozi zikateleza kama samaki mukononi. Akaniangalia mimi, akaangalia barabara. Muzigo unatusukuma. Akaitoa ile ya pili, akaingiza ya kwanza kwa nguvu, Bihogo akalia kama anachinjwa, na mimi nikagonga pua kwenye kioo. Lakini akashikwa! Polepole, kona baada ya kona, tunakwaruza ubavu kwenye mawe meusi, Rachidi anatoka jasho kama mutu wa homa, moteri peke yake inatubeba. Tukafika chini wazima.

Hapo ingekwisha. Tulikuwa tunaingia sokoni kwa mwendo wa mbuzi, bado muteremuko kidogo tu. Rachidi akasema sasa anazima moteri, vitesi ikiwa ndani, na motokari itasimama yenyewe. Lakini Bihogo alikuwa amelia sana. Moyo wangu si jiwe. Nikanyoosha mukono, nikaivuta ile fimbo ya vitesi, nikaitoa.

Tulisimama kwenye magunia ya Mukamugema. Ndani yake, kusema kweli. Mwenyewe aliruka meza. Sikujua bado ana magoti. Hakuna mutu aliyeumia, isipokuwa viazi, na pua ya Bihogo.

Habarurema akaja mbio. Rachidi akafungua gurudumu mbele ya soko lote, siagi ikadondoka. Akanusa kidole. Akaniangalia. Habarurema akauliza: Mama, hii ni nini? Nikasema pengine Bihogo ananyonyesha.

Soko lote likacheka. Mwanangu hakucheka.

Siku ya Mungu, tarehe 8

Ameuza. Kwa Mukamugema. Wameandikiana baada ya misa, kwenye meza yangu, na mimi ndiye niliyewaletea chai. Rachidi anaenda pamoja na motokari. Kama kamba ya ng'ombe.

Walipoondoka nikamuuliza Habarurema kama amesahau ng'ombe za baba yake. Akasema: Mama, ng'ombe zitanunuliwa. Jana nilikimbia sokoni nikijua ninaenda kuokota maiti yako. Alisema kwa sauti ndogo. Hakugomba. Nikakusanya vikombe vya chai.

Siku ya tatu, tarehe 11

Viazi havina miguu. Leo nimepanda Bihogo kama abiria. Juu! Kwenye magunia, na kuku. Mukamugema alikuwa mbele, kwenye kiti changu, amenenepa kwa siku tatu.

Rachidi akasimama pale pale. Vitesi ya pili. Mmmm. Nikagonga paa kwa fimbo: achilia, wee! Watu wakanishika mikono. Mwanamuke mumoja akaniuliza: Nyogokuru, bibi yetu, una wajukuu, ao uliisha kuwamaliza wote? Vijana wa siku hizi hawana adabu.

Tumefika wote wazima, viazi vyote vizima. Niliposhuka nimeshika gurudumu kwa mukono wangu mwenyewe. Baridi, kama maji ya ziwa. Maana yake nini? Maana yake Mukamugema ametia freni mupya kabisa, na Rachidi hazitumii! Amezipakia tu, zinatembea kama wageni, na moteri inateswa peke yake. Watu wanafilisika hivyo hivyo, halafu wanasema wamerogwa.

Lakini sokoni nimekutana na Ntirenganya. Kijana wa Masisi, shofa mupya, hajazoea bado barabara ya Kibumba. Ana heshima, alivua kofia. Alikuwa analalamika kwamba esansi inamuishia haraka na bosi wake anamugombeza. Nimemwambia, mwanangu, mulima ni esansi ya Mungu, na mutu anayeshuka na vitesi anamurudishia Mungu zawadi yake. Akafikiri sana. Akasema tangu aanze kazi hakuna mutu aliyemueleza vizuri hivyo.

Kesho ananipandisha mbele.