Majeruhi wa Kuonekana

Mswaki alikuwa kwa kinyozi, kitambaa cheupe shingoni, akisubiri zamu ya kunyolewa ndevu, aliposikia mtu wa kiti cha pili akiitukana televisheni. Mtu mwenyewe alikuwa mnene, na povu la sabuni lilikuwa limemjaa mashavuni hata akafanana na keki.

“Magodoro!” alifoka. “Mtu anauza sponji, leo anaitwa baba wa mashujaa!”

Kwenye televisheni, mwenyekiti wa chama cha wauza magodoro alikuwa anakata utepe hospitalini mbele ya askari waliojeruhiwa vitani. Kamera zilimzunguka. Alikuwa anafuta chozi ambalo, kwa jicho la kitaalamu la Mswaki, halikuwepo.

“Na wewe ni nani, mkubwa?” Mswaki aliuliza kwa upole.

“Mwenyekiti wa chama cha wauza vifaa vya ujenzi! Jiji zima limesimama kwa saruji yetu, na nani amewahi kuniita baba wa chochote? Hata nyumbani anayenipokea ni mbwa.”

Mswaki aliteremka kitini akaenda kunawa, akichechemea. Alikuwa ameingia humo ndani akitembea vizuri kabisa, na kinyozi alimwona, lakini kinyozi hakulipwa kwa kutazama miguu.

“Mguu umefanya nini, ndugu yangu?” Mwenyekiti aliuliza.

“Ah, huu?” Mswaki akatabasamu, na meno yaliyompa jina yakamulika chumba. “Kumbukumbu ndogo ya mpakani. Mimi ni kapteni mstaafu, msemaji wa majeruhi wa vita. Lakini tuache habari za damu, mkubwa. Usije ukashtuka na wembe uko kooni.”

Povu halijakauka, Mwenyekiti alikuwa ameshamwalika ofisini.

Kikao cha chama kilikuwa cha huruma tupu. Kila mwanachama alisimama akajitolea kwa moyo mweupe kile ambacho kimemkalia ghalani. Mmoja alitoa mabati yaliyopinda kwa sababu ya kupangwa vibaya. Mwingine alitoa misumari, mwingine mbao, na mwingine akatoa rangi ya zambarau ambayo mteja wa mwisho aliirudisha akilia. Wote wakapigiana makofi.

“Ila nina sharti moja,” Mwenyekiti alisema. “Siku ya kukabidhi nataka majeruhi wawe mbele, karibu na kamera. Tena wawe majeruhi wa kuonekana, Kapteni. Nisije nikaletewa mtu ameumia ndani kwa ndani.”

“Nitakuchagulia mwenyewe,” Mswaki alisema, mkono kifuani.

Nje, shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa akimngoja kwenye lori lake bovu. “Shemeji,” alisema, “uliingia ukichechemea mguu wa kushoto. Umetoka na wa kulia.”

“Vita haichagui mguu,” Mswaki alimjibu, akapanda.

Mpango wao ulikuwa mfupi. Sherehe ikiisha, lori lingeondoka na kila kitu na kwenda moja kwa moja kwa mnunuzi mmoja wa upande wa pili wa mji, bwana mwenye ghala kubwa na shingo nene, asiyependa maswali wala kucheleweshewa mzigo. Mnunuzi huyo alishampa Mswaki suti mpya ya kijivu, kama kishika uchumba. Kilichobaki kilikuwa majeruhi.

Mswaki aliwakuta kwenye karakana karibu na stesheni ya reli, wakitengeneza viti na vitanda. Upepo ulikuwa umeng'oa paa, nao walikuwa wanafanya kazi chini ya maturubai yaliyochanika. Mvua ya jana yake ilikuwa imeloanisha mbao zote, na kwenye kona vitanda vilivyokwisha kuagizwa vilikuwa vimeanza kuvimba. Mkuu wao alikuwa mama mmoja mfupi, sajenti mstaafu, aliyeacha mguu wake kwenye bomu la kutegwa ardhini na sasa alitembelea wa bandia. Alimsikiliza Mswaki huku akiendelea kupiga randa.

“Kwa hiyo tukae kwenye viti, tupigwe picha,” alisema. “Halafu sisi tunapata nini?”

“Soda, biskuti, na heshima.”

“Tulishakwenda kwenye chama hicho kuomba mabati. Hatukuvuka geti.” Akapuliza maranda. “Wewe ulipigana wapi, Kapteni?”

“Mpakani.”

“Mpaka upi?”

“Ule wa... kule.”

“Kikosi gani?”

“Cha siri,” Mswaki alisema, akiinamisha kichwa kama mtu aliyekula kiapo.

Wenzake Sajenti wakaangaliana. Mmoja, kipofu aliyekuwa akisuka kiti, akakohoa kwa muda mrefu kuliko kifua chake kilivyohitaji. Sajenti mwenyewe hakucheka. “Haya,” alisema. “Tutakuja, na tutavaa vizuri.”

Mswaki aliondoka akiona huruma kidogo kwa watu wepesi namna ile. Huruma hiyo ilimwisha kabla hajafika barabarani.

Siku ya sherehe uwanja wa chama ulipambwa kwa maturubai mapya, bendi ikapiga, waandishi wa habari wakala sambusa. Lori la shemeji lilisimama pembeni, limeshapakiwa. Mwenyekiti alihutubia mpaka bendi ikasinzia, akamkabidhi Kapteni bati moja kwa niaba ya yote, akafuta chozi. La kwake lilikuwepo, kwa sababu alikuwa amejitia vitunguu.

Mswaki alikuwa anamkonyeza shemeji awashe gari, ndipo Sajenti alipoomba kipaza sauti ashukuru.

“Mheshimiwa Mwenyekiti,” alisema, “wapo wanaotoa magodoro, wakapiga picha, wakaenda zao. Lakini Kapteni wetu ametuambia ninyi ni watu wa aina nyingine. Ametuambia leo hii, ninyi wenyewe, mtakuja karakanani kutuezekea paa kwa mikono yenu. Sisi hatukuamini. Kapteni akatuapia.”

Kamera zote zikageuka. “Ni kweli, Mwenyekiti?” mwandishi mmoja aliuliza.

Mwenyekiti alimtazama Mswaki. Alizitazama kamera. Akamfikiria yule wa magodoro na mkasi wake mdogo. “Kweli kabisa!” alinguruma. “Sisi tunajenga! Twendeni!”

“Lori lina hitilafu,” Mswaki alisema haraka. “Labda litangulie gereji, mimi na shemeji...”

“Hitilafu gani?” shemeji aliuliza, maana akili yake ilikuwa haina breki wala gia. Kisha akaelewa, akarukia usukani. Lakini alipotazama nyuma aliona majeruhi wote wamepanda juu ya mzigo, wamekaa raha mustarehe, na kipofu anawapungia watu mkono. Angekwenda wapi nao? Kwa mnunuzi? Shemeji akawasha gari, akafuata msafara kwa adabu.

Karakanani, wanachama walivua makoti. Wengi wao walikuwa wameuza nyundo maisha yao yote bila kuwahi kuishika upande wa mpini. Mwenyekiti alipanda ngazi, suruali ikampasukia nyuma, na picha hiyo ndiyo iliyopamba ukurasa wa mbele kesho yake.

“Kapteni,” Sajenti alisema, “wewe tangulia juu kabisa.”

“Mguu, Afande...”

“Upi?”

Mswaki akapanda. Chini, Sajenti akashika ngazi na kumsemesha kwa sauti ndogo. “Kikosi cha siri! Nilikujua siku ile ile.”

“Sasa mbona hukuita polisi?”

“Polisi wangetuezekea?”

Akaiondoa ngazi, akaipeleka upande wa pili.

Paa lilikuwa limefika nusu wakati gari jeusi liliposimama mlangoni. Akashuka bwana mwenye shingo nene. Alikuwa amengoja mzigo wake tangu asubuhi, ghala wazi, mpaka alipouona kwenye televisheni, na sasa aliutazama ukiwa umepigiliwa juu ya vichwa vya watu, huku suti yake ya kijivu ikitambaa juu ya mabati na nyundo mkononi. Akakunja mikono, akaegemea gari. Hakuwa na haraka.

“Kapteni!” Sajenti aliita. “Kuna mheshimiwa hapa anaulizia suti yake. Nilete ngazi?”

Mswaki aliangalia chini. Aliangalia gari jeusi. Akapigilia msumari, na pembeni yake akapigilia mwingine usiohitajika.

“Mwambie niko kazini, Afande.”

“Nusu iliyobaki wataimaliza wenzako. Wewe pumzika.”

“Hapana, waache wapumzike wao!” Sauti ilimpanda. “Nitaimaliza mwenyewe. Na nikimaliza, Afande, hizo kuta je? Naona kuna rangi ya zambarau.”