Malalamiko Kuhusu Baiskeli ya Wimbo wa Nne

Lionja, Nachingwea

Ndugu Mtayarishaji wa Vipindi,

Poleni na kazi, ingawa kazi yenyewe siku hizi ni kupiga albamu moja tu, "Sikuiti Tena" ya Auleria, aliyetunga na kuimba nyimbo zote tisa peke yake. Hata matangazo ya vifo yanasubiri imalizike. Mnasema kusini haijawahi kutokea albamu kama hii. Sawa. Mimi niliyekuwa mchumba wake miaka sita iliyopita nalalamika kama ifuatavyo:

1. Wimbo wa nne unamsema mwanamume aliyemkimbia mchumba wake katikati ya palizi ya ufuta, akaondoka na baiskeli. Mwanamume huyo ni mimi. Lakini baiskeli ilikuwa ya mjomba wake, tena haikuwa na cheni. Niliikokota kwa miguu mpaka Kilimarondo. Anapoimba kwamba nilipepea nayo barabarani, anawadanganya wasikilizaji.

2. Hakunitaja jina. Adabu gani hiyo? Sasa hapa Lionja wamejitokeza watu wanaodai ndio wao. Evodius, ambaye hata kuendesha baiskeli hajui, ananunuliwa chai na chapati na vijana wa bodaboda ili asimulie alivyomwacha. Anasimulia vibaya, na analia mahali pasipohusika.

3. Juzi harusini Malolo, wimbo ulipopigwa, mshereheshaji alimwita mbele Rashidy, mwingine wa hao wanaodai, akatunzwa vitenge viwili. Mimi nimekaa nyuma na sahani yangu ya pilau, hakuna anayenijua. Iliniuma, nasema kweli. Ujinga nifanye mimi, heshima apewe Rashidy!

Kwa hiyo naomba jina langu kamili litangazwe kila mara kabla ya wimbo wa nne, na hao matapeli waombe radhi hewani. Ikishindikana, sitisheni albamu nzima mpaka serikali ya kijiji ithibitishe ni nani hasa alimuumiza yule binti. Ushahidi ninao. Mjomba wake mpaka leo ananitafuta.

Nisalimieni watangazaji wote, na fundi mitambo msimsahau.

Wenu mwenye haki yake,
Kipriani, mpuliza dawa ya mikorosho

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimempigia simu Auleria ili awe shahidi wangu. Amenisikiliza kwa upole mpaka mwisho. Anasema wimbo ule kweli aliutunga juu ya Rashidy. Kisha akaomba radhi, akaniuliza mimi ni Kipriani yupi.